Kisanduku cha Lori la Bati

Kuna watu hujivunia watoto wao, wengine nyumba walizojenga, wengine sauti zao kwaya inaposimama kuimba. Mimi hujivunia kujua kitu ni nini. Nasema hivi bila haya, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale Changamwe, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya malori. Mzigo ukishuka bandarini, lazima mtu akae kitako aandike kilichomo ndani, na mbele ya kila kitu aweke nambari kutoka kitabu cha ushuru. Mtu huyo ni mimi. Kitabu chenyewe ni kinene kuliko Biblia ya mimbarini, na ndani yake kila kitu duniani kina mahali pake, tangu farasi aliye hai mpaka jino la bandia. Siku hizi kimo ndani ya kompyuta, lakini mimi bado nina cha karatasi, na kurasa za sura yake ya plastiki zimechakaa kuliko zote.

Wengi hudhani ni kazi ya kunakili tu. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wageni kwamba kazi yangu anaweza kuifanya mtoto wa shule, nami nikamwuliza hapo hapo mezani ule mwiko wa pilau alioshika ungeingia wapi. Akaugeuzageuza. Mwiko wa mti una mahali pake, nikamwambia, wa plastiki una pengine, wa chuma pengine kabisa, na ukikosea unaweza kumfilisi mtu aliyeleta miko kontena zima. Mke wake alinilaumu baadaye, lakini sikutubu.

Aliyenifundisha ni mkubwa wetu, mzee aliyeianzisha ile ofisi. Alikuja Mombasa kijana kutoka bara, akabeba magunia bandarini, akasoma, akapata leseni yake ya uwakala. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia katika ofisi nyingine yoyote: hakuna karani aliyeruhusiwa kuandika nambari ya kitu asichokishika. Mteja alete sampuli. Unaishika mkononi, unafumba macho, unajibu kwa sauti maswali matatu. Kimetengenezwa kwa nini? Kinafanya kazi gani? Kitaishia wapi? Siku zangu za mwanzo nilibanwa na kicheko nikisimama katikati ya ofisi macho nimefumba, mkononi nimeshika bawaba ya mlango. Baada ya miaka, mimi ndiye niliyekuwa nikiwafumbisha macho makarani wapya, na nilikuwa mkali kuliko mzee mwenyewe.

Nilikuwa na jambo jingine la kujivunia, na hili ndilo lililoniponza. Sikuchukua kitu cha mteja. Kazi yetu ina zawadi nyingi: maembe, kuku, bahasha, vitambaa. Mimi hata kikombe cha chai cha mteja sikunywa. Aliyeniachia kifurushi nilikipandisha juu ya kabati la mafaili bila kukifungua, akija tena namrudishia mkononi mbele ya watu. Ofisi nzima ililijua kabati lile. Walinitania kwamba nafuga panya, nami nilifurahi wakinitania, kwa maana kila utani ulikuwa unatangaza uaminifu wangu.

Jumatatu moja asubuhi akaja fundi mmoja wa vigari vya bati. Hakupanda ngazi, kwa sababu miguu yake haikufanya kazi tangu utotoni. Alifika kwa tuktuk kutoka Bombolulu, kiti chake cha magurudumu kimefungwa nyuma kwa kamba, na mlinzi wetu akaja kuniita. Nikashuka. Nilimkuta kando ya mlango wa duka la vipuri, mama aliyenizidi miaka kumi na kitu, mikono minene yenye makovu madogo madogo ya bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiwe mwandikaji."

Nikamwambia ndimi. Akafungua mkoba akanitolea lori. Nasema lori kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, lori la mafuta zima, ila urefu wake ulitoshea kiganjani. Alilitengeneza kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Milango ilifunguka, tela ilikata kona, na nyuma kulikuwa na kingazi cha waya cha kupandia juu ya tangi. Changamwe malori yanapita mbele yangu mchana kutwa na sijawahi kuyapenda. Hili nililipenda mara moja.

Akanieleza shida yake. Kazi aliijulia katika karakana moja ya Bombolulu, kisha akajitegemea katika chumba chake cha kupanga. Wanunuzi wake walikuwa watu wanaokusanya vigari vidogo na kuvipanga nyumbani kwao: wageni wa hoteli za Shelly Beach, na siku hizi hata watu wa Nairobi. Lakini hewa ya chumvi hula bati, na vumbi huingia katika vile vingazi. Mkusanyaji hataki kitu cha kupangusa kila siku. Anataka kikae ndani ya kisanduku angavu, kitako cheusi, kifuniko cha plastiki ngumu inayong'aa, akitazame tu. Fundi aliviita vibweta. Hapo awali alivipata kwa dalali mmoja wa mjini aliyeviagiza, na dalali alimuuzia kwa sharti kwamba malori yote yapitie kwake. Neno hilo, kwake, alilisema kama mtu anayetema kokwa.

Sasa alikuwa ameagiza vibweta mwenyewe kutoka China, ndani ya kontena la pamoja. Wafanyabiashara wadogo kumi na kitu wanajiunga, kila mmoja ana pembe yake ndani ya kontena moja. Sheria yao ni moja na haina huruma: ambaye mzigo wake utaleta matatizo forodhani hachukuliwi tena, kwa sababu bidhaa za mmoja zikizuiwa, kontena lote linasimama.

"Ni mara yangu ya kwanza kuagiza kwa jina langu," akaniambia. "Chumba kina jina la mwenye nyumba. Kiti hichi kina jina la kanisa lililonichangia, limeandikwa hapa nyuma, wasoma? Hivi vibweta ndivyo vya kwanza kuwa na langu. Nitazamie vizuri."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Mimi siandiki kwa kukisia. Niletee sampuli waliyokutumia."

Nikapanda ngazi kichwa juu.

Siku iliyofuata nilikuwa bandarini tangu asubuhi. Niliporudi, mlinzi alinikabidhi kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba ya katani. "Yule mama wa malori amekuachia hiki." Nikakipima mkononi. Watu wa kwetu huko ndani ya pwani hawaji mikono mitupu, na zawadi yao ni korosho, na korosho hufungwa hivyo hivyo. Nikatikisa kichwa. Nikapanda kiti, nikakiweka juu ya kabati, na nikasema kwa sauti ili makarani wasikie, "Huyu naye atakichukua chake atakapokuja." Nilijiona mtu safi sana.

Ijumaa karatasi za lile kontena zikafika, na meli ilikuwa imekwisha kufunga gati. Ankara ya fundi ilisema visanduku vya plastiki, angavu, basi. Sampuli, kwa hesabu yangu, haikuja. Nilimpigia simu mara moja, haikupokewa. Nilikuja kujua baadaye kwamba akiwa anapiga nyundo hasikii simu. Wenzake kumi na kitu walikuwa wanangoja. Wiki ile nilikuwa nimeshughulikia trei za mayai na makreti ya nyanya, na nambari yao ilikuwa bado ipo kwenye vidole vyangu. Nikaiandika hiyo hiyo: makasha ya plastiki ya kusafirishia na kufungashia bidhaa. Sikushika kitu, sikufumba macho. Mwenyewe, mkali wa ofisi.

Tamko langu la forodha likatoka jekundu kwenye kompyuta, maana yake kontena lifunguliwe na kukaguliwa. Nikaenda kwenye yadi ya kontena, hapo hapo Changamwe, nikamkuta afisa kijana kutoka bara, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alikuwa ametoa vibweta vya fundi vitatu akavipanga kimoja juu ya kingine mezani.

"Madam, hii si ya kupakia kitu," akasema. "Cheki vile iko. Hii ni ya kuonyesha. Ni fanicha ya duka, ile inakaa kwa kaunta. Na kitabu inasema kabati ya kusimama moja juu ya ingine ni fanicha."

Mori ukanipanda. Kuniambia mimi kitabu kinasema nini! Nikamsomesha. Nilimweleza habari ya makasha, habari ya ufungashaji, nikamtajia sura na maelezo ya sura, nikamwuliza ana miaka mingapi kazini. Nusu saa nzima nilikuwa nimeshika kimoja cha vile vibweta, nakipungapunga hewani nikisisitiza maneno yangu, na sikukiona. Ningekitazama hata kidogo ningejua hapo hapo kwamba hakuna mtu mwenye akili anayesafirisha kitu ndani yake. Lakini nilikuwa natetea nambari yangu.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwenye fomu yake maneno niliyoyaogopa: bidhaa zimetangazwa kwa uongo. Si kimakosa. Kwa uongo. Tofauti ya ushuru wenyewe haikuwa ya kumtoa mtu roho. Neno lile ndilo lililokuwa na sumu. Likithibitishwa kwenye kikao cha wakubwa wa forodha, linakaa kwenye kumbukumbu za mwagizaji, na jina lake likionekana popote, mzigo unafunguliwa. Wale wenzake wa kontena wasingemgusa tena. Angerudi kwa dalali, na malori yake yote yangepita kule kule.

Nilirudi ofisini kichwa kinaniwaka. Mzee aliisoma nakala ya fomu, akavua miwani, akaipangusa.

"Sikiza," akasema. "Andika barua kwa forodha leo. Sema mteja hakuleta sampuli, na ankara yake ilisema visanduku tu. Tuliandika tulichoambiwa. Makosa ni yake. Ofisi lazima ilindwe."

Ndivyo mawakala wengi wanavyofanya, na isitoshe, nilivyojua mimi, ndio uliokuwa ukweli. Nikaketi nikaandika. Ilikuwa barua nzuri, yenye adabu na yenye meno. Ilimtupia lawama yote mama mmoja wa Bombolulu aliyeniambia nimtazamie vizuri, nami nikaisoma tena nikaridhika nayo. Kilichokosekana kilikuwa barua ya zamani ya kuambatisha kama mfano, na faili lake lilikuwa juu ya kabati. Nikapanda kiti. Nikakisogeza kile kifurushi cha gazeti, na ndani yake kitu kikagonga. Korosho hazigongi hivyo.

Nilishuka nacho, nikakata kamba. Ndani ya gazeti kulikuwa na kibweta, na ndani ya kibweta lori la saruji, na chini ya kitako karatasi iliyoandikwa kwa mkono uliobonyeza kalamu kwa nguvu: Sampuli. Kifuniko chavuliwa kwa juu.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma. Aliiacha siku ya pili tu baada ya kuniona. Alipanda tuktuk tena kutoka Bombolulu mpaka Changamwe, akaja akaiacha pale chini kwa sababu ofisi yetu ina ngazi, na mimi nikaipandisha juu ya kabati ili watu waone nisivyokula korosho. Mzee akatoka chumbani mwake, akaona gazeti, akaona kibweta, akaelewa bila kuambiwa.

"Nani mwingine ameona?" akauliza polepole.

"Hakuna."

"Basi irudishe juu."

Mtu huyu ndiye aliyenifanya nikawa mtu. Sikuwahi kumjibu vibaya, na siku ile pia sikumjibu vibaya. Nilisimama, nikatoa lile lori, nikamwekea kibweta mikononi. "Mzee," nikamwambia, "fumba macho."

Alinitazama kwa hasira. Halafu, sijui ni mazoea ya miaka mingi au ni nini, akafumba.

"Kimetengenezwa kwa nini?"

"Plastiki."

"Kinafanya kazi gani?"

Vidole vyake vilizunguka kifuniko, vikashuka kwenye kitako, vikapima ukingo. "Kinafunika kitu kisiingie vumbi. Kitu cha kutazamwa."

"Kitaishia wapi?"

"Sebuleni kwa mtu," akasema. "Juu ya rafu. Hakitoki hapo." Akafumbua macho. Wote wawili tulijua nambari ilikuwa ipi: si makasha ya kufungashia kama nilivyoandika, wala si fanicha kama alivyosema yule kijana. Ni vyombo vya nyumbani vya plastiki, mahali pa unyenyekevu kabisa katika kile kitabu, pamoja na ndoo na vitambaa vya meza. Mzee alinirudishia kibweta. "Nenda kaseme unachotaka," akaniambia. "Lakini useme kwa jina lako, si kwa jina la ofisi." Nikaichana ile barua.

Mchana ule ule nikavuka kisiwa nikaenda Bombolulu. Nilimkuta fundi chumbani mwake akinyoosha bati kwa nyundo ndogo, vipande vimepangwa sakafuni kwa ukubwa wake. Nikamweleza yote, tangu kifurushi mpaka fomu. Aliendelea kugonga mpaka nilipofika kwenye korosho. Hapo nyundo ikasimama.

"Ulidhani nimekuja kukuhonga?"

"Nilidhani ni zawadi, mama."

"Zawadi ya nini? Umenifanyia nini wewe hata nikupe zawadi? Mimi nilikuja kufanya kazi nawe. Uliniagiza kitu, nikakileta." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Wanivunjia heshima, mwanangu. Watu wakiniona kwenye kiti hichi, wadhani kila nitoacho ni cha kuomba au cha kubembeleza."

Nikamwomba msamaha, naye hakusema amenisamehe. Akauliza kikao cha kueleza hilo shauri ni lini na wapi, na kama mlango wake una ngazi.

Mlango haukuwa na ngazi. Kilikuwa chumba cha chini, feni ikizunguka, na mkuu wa uainishaji wa bidhaa alikuwa mzee wa Kimvita mwenye kofia, anayesoma kila karatasi mara mbili. Yule afisa kijana alikuwapo. Mkuu alimwamkia fundi kwanza, kisha akanigeukia akaniambia nieleze kwa nini visanduku hivi ni vya kufungashia bidhaa.

"Si vya kufungashia," nikasema. "Nilikosea."

Kijana akainua kichwa. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa nusu saa nyingine.

"Kwa hivyo ni fanicha?" mkuu akauliza.

"Wala si fanicha." Nikafungua kitabu changu cha karatasi. Nikasoma maelezo ya sura taratibu: fanicha ni kitu kilichoundwa kukaa sakafuni. Vile vinavyosimama kimoja juu ya kingine vinatajwa, ndiyo, lakini vinavyotajwa ni makabati, rafu za vitabu na jamii yake. "Hiki hakina rafu, hakina mlango, hakina droo. Kwamba kinapangika hakukifanyi kabati. Sufuria pia hupangika."

Mkuu akatabasamu kidogo. Akamgeukia fundi. "Na wewe, mama, wasemaje? Hivi huvisafirishia malori yako?"

Fundi akafungua mkoba wake. Alitoa lori la saruji, akalitia katika kibweta, akafunika, akakitikisa. Lori likagonga kuta kwa makelele ya kuumiza. Akalitoa, akamwonyesha mkuu mkwaruzo mpya ndani ya plastiki. "Nikimpelekea mtu hivi, atanirudishia vyote viwili," akasema. "Lori lasafiri ndani ya boksi la karatasi, limeviringwa gazeti. Kibweta chasafiri kivyake, na gazeti lake. Vyakutana huko nyumbani kwa mwenyewe. Na nilipoambiwa imeandikwa ni vya kupakilia mzigo, iliniuma. Kazi yangu si mzigo. Ni kitu cha kuwekwa."

Kijana alikichukua kibweta, akakigeuza, akakiweka mezani. "Hapo niko sawa na yeye," akasema. "Si fanicha." Nikampenda kwa hilo. Si watu wengi wanaoweza kulisema mbele ya mkubwa wao, na mimi mwenyewe ilinichukua miaka ishirini.

Mkuu akaandika: vyombo vya nyumbani vya plastiki. Kisha akarudi kwenye lile neno. "Limebaki hili. Hapa pameandikwa uongo. Je, ni nani aliyesema uongo?"

"Hakuna aliyesema uongo," nikamjibu. "Ila kuna aliyekosea. Mwagizaji alileta sampuli siku ya pili. Ilikaa ofisini siku zote hizo, mimi nikaandika bila kuifungua. Ankara yake ilikuwa ya kweli, na sampuli yake ilikuwa ya kweli. Kosa ni la karani."

"Nikiliandika hivyo, bibi, wallahi sitakuwa na budi kukisimamisha kibali chako cha kazi ya forodha. Wajua hilo?"

"Najua."

"Na ofisi yako haikuleta barua?"

"Ofisi haihusiki. Andika jina langu."

Akaniomba nilitaje, akaliandika herufi kwa herufi, akanigeuzia karatasi niweke sahihi. Nimeweka sahihi maelfu ya karatasi maishani, na mwandiko wangu ni mbaya. Ile niliandika vizuri. Nilijua jina la fundi lilikuwa limetoka safi, na langu ndilo lililokuwa chini ya neno kosa, na nilijivuna kuliko siku yoyote niliyowahi kupatia nambari. Sijui kama inafaa kujivunia kosa. Mimi nalijivunia lile mpaka leo.

Kibali changu kilisimamishwa miezi mitatu. Vibweta vilitoka kesho yake na kontena likaondoka. Miezi ile nilikaa nyumbani nikipalilia mchicha uani na kugombana na shemeji, aliyefurahi kupita kiasi kusikia nimekosea. Fundi hakunipigia simu hata mara moja. Sikumlaumu, ingawa nilikuwa nikiitazama ile simu.

Siku niliyorudi kazini, kabla ya kukaa, mlinzi alikuja kuniita. Nilimkuta fundi chini, palepale kando ya duka la vipuri, karatasi mapajani. Shehena yake ya pili ilikuwa imefika. Wenzake wa kontena walikuwa wamempokea bila neno. Nikazitazama tarehe nikashangaa. Wenzake walikwisha kutoa mizigo yao, wake haukuzuiwa, ila ulikuwa umekaa yadini siku tisa, na kila siku ya ziada hulipiwa.

"Mama, karani mwenzangu angekutolea tangu wiki iliyopita. Ni kijana mzuri, hana doa lolote."

"Nimeambiwa."

"Sasa mbona umengoja?"

Akaziweka zile karatasi mikononi mwangu, akazigonga ukingo zikae sawa.

"Yule sijui akikosea hufanya nini," akasema. "Wewe nakujua. Haya, andika."